Msanii wa Congo anaenda nje kujifunza kuchapa picha, akirudi atachapia wapi?

Barua ya mwaliko ikifika, mbio zinaanza. Mchoraji wa Bukavu au wa Kisangani anaarifiwa kwamba atelie moja ya Ulaya imempa nafasi ya kukaa huko wiki mbili, ajifunze kuchapa picha kwa mikono yake mwenyewe. Anashughulikia pasipoti, anatafuta pesa za kufika Kinshasa, analipa ada ya viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudishwi hata ukikataliwa. Kisha anangoja. Akibahatika, anakwenda, anafanya kazi nzuri, anarudi na picha kumi ndani ya bahasha ngumu pamoja na cheti. Mwaka mmoja baadaye ukipita nyumbani kwake, unamkuta na brashi na rangi zake za zamani, kana kwamba hakusafiri.

Kosa si lake. Kuchapa picha ni kazi nyingine kabisa na kuchora. Msanii anachonga au anakwaruza picha juu ya ubao, lino au bamba la chuma, anapaka wino, analaza karatasi juu yake, halafu anakandamiza. Picha inatoka imegeuka, kulia kumekuwa kushoto. Bamba lile lile linaweza kutoa karatasi ishirini au hamsini, kila moja na namba yake na sahihi ya aliyeichapa. Kwa nchi yenye wanunuzi wachache wa sanaa, faida iko hapo: mchoro mkubwa wa rangi unamngoja tajiri mmoja, lakini picha iliyochapwa hata mwalimu wa shule anaweza kuinunua na kuitundika sebuleni.

Shida inakuja kwenye kukandamiza. Bamba la shaba au la zinki linahitaji presi, mashine yenye silinda mbili za chuma ambayo inaweza kuwa na uzito wa mamia ya kilo. Huko Ulaya msanii aliikuta iko tayari, imesimama katikati ya chumba. Nyumbani haipo, na hakuna aliyemwuliza habari zake kabla ya kumkatia tiketi.

Wapo wanaosema basi abaki, atazame video kwenye simu. Huko ni kujidanganya. Wino unapotandazwa kwa rola, mchapaji mzoefu hautazami tu, anausikiliza: ukinata kwa kelele, umezidi, ukitoa mlio mwembamba kama mafuta yanayoanza kupata moto, unatosha. Karatasi ya kuchapia bamba la shaba inaloweshwa, halafu inakaushwa mpaka ibaki na ubaridi kidogo, na ubaridi huo unajulikana kwa kugusa. Mambo kama hayo anafundisha mtu aliyesimama pembeni, anayekushika mkono kabla hujaharibu. Kusafiri kuna maana. Ubishi uko kwenye namna ya kusafiri.

Nigeria ina mfano ambao wanaopanga safari hizi wangefaa kuusoma. Bruce Onobrakpeya, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Agbarha-Otor, eneo la delta ya mto Niger, hakuanza na ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwalimu ndiye aliyesafiri: Mholanzi Ru van Rossem alikuja Nigeria kuendesha warsha za kuchapa, na Onobrakpeya alikuwa miongoni mwa waliojifunza. Mwaka 1967, akifanya kazi zake nchini mwake, asidi ya hidrokloriki ililila na kuliharibu bamba lake la zinki. Wengine wangelitupa. Yeye alijaribu kuliokoa kwa gundi, na kutokana na ajali hiyo akapata njia yake mwenyewe ya kuchapa picha zenye migongo na mabonde, ambayo leo ndiyo inayomtambulisha.

Ni baadaye, mwaka 1975, alipokwenda Marekani kwenye shule ya ufundi ya Haystack, katika kisiwa cha Deer Isle, jimbo la Maine, mahali ambapo watu wanakaa pamoja na kushinda wakifanya kazi za mikono. Hakufika kama mtu wa kuoneshwa namna ya kushika rola. Alikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kazi na alijua anatafuta nini. Na mwaka 1998 alianzisha warsha ya Harmattan palepale Agbarha-Otor, ambako wasanii wanakusanyika kuchapa, kuchonga mawe na kufua chuma. Mtu aliyefuatwa na mwalimu akawa yeye mwenye nyumba ya kupokea wengine.

Wanaotoa pesa nchini DRC wanapenda kinyume chake. Tiketi ya kwenda Ulaya inapigwa picha vizuri, mashine haina mvuto. Lakini kwa tiketi moja mwalimu mmoja angeweza kuja Lubumbashi na kukaa na vijana kumi na watano. Wala si lazima atoke mbali. Johannesburg kuna Artist Proof Studio, inayofundisha kazi hii tangu mwaka 1991. Moto uliiteketeza mwaka 2003 na kumuua Nhlanhla Xaba, mmoja wa waanzilishi wake, na bado ilijengwa upya. Kule kule Afrika Kusini, katika kituo cha Rorke's Drift, ndiko John Muafangejo, mzaliwa wa Angola aliyehamia Namibia, alikojifunza mwishoni mwa miaka ya 1960. Alishikilia lino, kazi isiyodai asidi wala bamba la chuma, na kwa nyeusi na nyeupe tu akajulikana mbali.

Kuna jambo lingine linalotia haya. Shaba ya Kolwezi na Likasi inatoka kila siku kwa malori. Mafundi wa Katanga wanaigonga kwa nyundo na kutoa picha za kutundika ukutani, kazi ya miaka mingi. Halafu kijana wa mji huo huo anavuka bahari ili akakwaruze kipande cha shaba cha ukubwa wa daftari.

Kwa anayefunga mizigo sasa hivi, patasi ziwekwe kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, maana ndani ya begi la mkononi zitachukuliwa. Rola moja, patasi tano, makopo machache ya wino vinaenea bila kuzidisha kilo. Lino ya kweli, ile nene iliyotengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa kizibo, ni ya kununua huko huko, kwa sababu balatumu ya sokoni ni plastiki na haichongeki vizuri. Lakini tripleksi ya fundi seremala inafaa. Kijiko cha mbao kipo jikoni: ukisugua nacho mgongo wa karatasi, lino na ubao vinachapika bila presi. Kwa bamba la shaba kijiko hakitoshi. Hapo mfadhili aulizwe mapema, kabla viza haijaombwa, kama presi imo katika bajeti yake.