RAMANI ITANGULIE NYUMBA

Kwa miaka mingi ramani ilikuwa chombo cha mgeni na mtawala. Mwaka 1861 John Hanning Speke alikaribishwa Karagwe na Mfalme Rumanyika, akawauliza wenyeji habari za maziwa na mito, kisha akaenda zake na ramani iliyowafaa wakubwa wa London. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza waliketi Ulaya wakapiga mstari magharibi ya Ziwa Victoria, digrii moja kusini ya Ikweta, bila kumwuliza hata mkulima mmoja. Mwaka 1978 Idi Amin alidai kuwa mpaka ni Mto Kagera wala si mstari ule. Akaingiza majeshi yake, na wananchi wetu wakauawa, wakaporwa mali, wakakimbia makwao. Mtu wa Kagera, basi, hahitaji kufundishwa kwamba ramani ni jambo zito.

Twayakumbusha haya kwa kuwa siku hizi imekuja ramani ya namna nyingine, ambayo yafaa itazamwe kwa makini na kila mwanachama na kila mfanyakazi. Ramani hii haifungiwi kabatini. Hukaa katika kompyuta na simu, na msomaji huigeuza kwa kidole chake. Akitaka, huonyesha nyumba peke yake. Akitaka, huweka juu ya nyumba hizo mito, mitaro, barabara, shule na zahanati. Kisha huongeza kimo cha ardhi, apate kuona kwamba maji yakipanda mita moja yatamfikia nani kwanza, na mgonjwa atatolewa kwa njia ipi. Kwa kuitazama hivyo, hata asiye mhandisi aweza kuuliza swali lake mwenyewe na kupata jibu.

Faida yake imeonekana Dar es Salaam, na mji huo ulijifunza kwa machozi. Desemba 2011 mvua kubwa iliujaza Mto Msimbazi. Watu zaidi ya 40 walikufa, na wengi waliookolewa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Mji ulikuwa umekua upesi kuliko wapimaji wake, na mitaa mizima haikuwamo katika ramani yoyote. Mwaka ule ule wa 2011 wakazi wa Tandale walianza kuchorewa ramani ya mtaa wao, nao wakishiriki kazi hiyo. Mwaka 2015 kazi kubwa zaidi ilianza kwa jina la Ramani Huria. Tume ya Sayansi na Teknolojia ilishiriki, pamoja na Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu, na vijana wakapita uchochoro kwa uchochoro wakiandika nyumba, visima, mitaro na madaraja.

Hapo ndipo penye fundisho. Picha ya kutoka angani huonyesha paa, lakini haionyeshi mtaro ulioziba kwa takataka. Haijui kuwa mwaka fulani maji yalifika dirishani mwa nyumba ya bibi mmoja wala kwamba kalvati lile halipitishi maji tangu lilipojengwa. Mwenye kuyajua hayo ni mkazi. Mtaalamu huleta chombo na mwananchi huleta habari. Akikosekana mmoja wao, ramani huwa na rangi nzuri na haimsaidii mtu.

Hata hivyo ramani haikuyazuia maji. Aprili 2018 Jangwani ilifurika tena, kwa maana nyumba zilikwisha kujengwa na bonde lilikwisha kujaa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kulitengeneza Bonde la Msimbazi, na wakazi wengi wamelipwa fidia ili wahame. Mkopo huo utalipwa na wote, hata mkulima wa kahawa wa Karagwe ambaye hajapata kuliona bonde lenyewe. Hiyo ndiyo bei ya kujenga kwanza na kupima baadaye.

Msomaji wetu wa Nyaishozi aweza kuuliza: Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5 kwa hesabu ya mwaka 2022, mambo yake yatuhusu nini sisi wa migombani? Jibu letu ni kwamba yanawahusu kwa sababu mji wenu ungali mdogo. Leo kiwanja hukatwa katika shamba la migomba, kesho hujengwa duka, keshokutwa nyumba za kupanga. Nchi yenu ni ya vilima, na maji ya kilimani hayana subira; kila paa la bati na kila uwanja uliofagiliwa huyaongezea mbio kuelekea bondeni. Mkingoja mpaka bonde lijae nyumba, mtakuwa na shida ya Msimbazi bila fedha za Msimbazi.

Wala asiwepo mtu wa kusema kuwa haya ni ya miji mikubwa. Katesh si mji mkubwa. Lakini Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliushukia na kuua watu zaidi ya 80. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Wataalamu wa hewa wanatueleza kwamba hewa ikizidi joto kwa digrii moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7, na mvuke huo hurudi kwa kishindo. Kwa hiyo kumbukumbu za wazee, ambazo twaziheshimu, hazitoshi peke yake. Mahali maji yalipoishia zamani sipo yatakapoishia kesho.

Hatuna budi kusema yanayopasa kufanywa. Kwanza, ramani ya Nyaishozi ichorwe sasa. Vijana wa sekondari wana simu na miguu yenye nguvu. Mabalozi wa mashina wanaijua kila nyumba na kila mzee asiyeweza kutembea. Maofisa ardhi wa wilaya wana elimu ya upimaji. Wakutane. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo zipigwe katika ramani zionekane kwa macho, maana sheria isiyoonekana ardhini huvunjwa hata na mtu mwema. Tatu, ramani ichapishwe kwa karatasi kubwa ibandikwe penye ofisi ya kijiji, kwani si kila mwananchi ana simu ya kisasa. Na kiwanja kisigawiwe kabla mwombaji hajaonyeshwa mahali pake katika ramani ile. Nne, irekebishwe kila mwaka, kwa sababu mji haulali.

Tunajua nani hatapendezwa. Dalali auzaye kiwanja cha bondeni wakati wa kiangazi hapendi ramani. Kiongozi anayetia sahihi huku akijua maji hupita pale naye haipendi. Ikiwa kiongozi huyo ni mwanachama mwenzetu, aibu ni yetu sote, na twapaswa kuwa wa kwanza kumkanya.

Lakini ramani isigeuzwe kuwa fimbo ya kumpigia maskini. Desemba 2015 nyumba nyingi zilivunjwa katika Bonde la Msimbazi, na familia zikabaki bila paa. Mtu hakuingia bondeni kwa kupenda mafuriko. Aliingia kwa kuwa ardhi yake ilikuwa rahisi. Anayechora mstari mwekundu juu ya nyumba ya mtu sharti amwonyeshe pia mahali penye usalama, na jambo hilo lisemwe katika mkutano wa hadhara, mwenye nyumba akiwapo na akisikilizwa.

Mstari wa mwaka 1890 ulichorwa na watu ambao hawakulala hata usiku mmoja katika nchi waliyoigawa. Ramani ya Nyaishozi yaweza kuchorwa na wale watakaolala humo mvua ikinyesha. Wenye kazi hiyo wapo, na kiangazi ndicho wakati wake.