Mlenda Wetu Haujapata Mwandishi

Mwaka juzi, kwenye safari ya kikazi Japani, wenyeji wetu walitupeleka kula kaiseki mjini Kyoto. Jamani, tulikaa mkekani zaidi ya saa mbili! Vibakuli vinakuja kimoja kimoja: cha kufungulia kinywa, supu nyepesi, samaki mbichi, cha kuchoma, cha kuchemsha. Wali unakuja mwishoni. Na kila kibakuli mhudumu anakieleza: mboga hii ni ya msimu huu, ukichelewa huikuti.

Nilirudi Dodoma na hamu ya mlenda. Nikaingia hoteli moja ya maana, nikauliza. Kijana akacheka kwa adabu: "Kaka, hicho cha nyumbani. Tuna chipsi kuku."

Simlaumu yeye. Ugomvi wangu ni na nyie, wenzangu wa kalamu. Kaiseki ina hadhi kwa sababu imesimuliwa kwa karne nyingi. Ilikuwa mlo mdogo wa kabla ya chai, zama za Sen no Rikyū, karne ya 16. Jina lake huandikwa kwa alama za kifua na jiwe, kukumbusha watawa waliojiwekea jiwe la moto mwilini kutuliza njaa. Njaa, ndugu zangu! Na mwaka 2013 UNESCO ikauingiza upishi wa Kijapani kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Sisi Wagogo njaa tunaijua. Tuna Mtunya, ya 1917 hadi 1920, majeshi ya Vita Kuu yalipobeba ng'ombe na nafaka, mvua nayo ikagoma. Mlenda mkavu ni elimu ya nchi kame: majani yanachumwa wakati wa mvua, yanaanikwa, yanatwangwa, yanasubiri kiangazi. Bibi yangu wa Bahi alijua mlenda upi unataka karanga, upi unataka magadi kidogo tu, na upi usiliwe ila kwa ugali wa uwele. Huo si msimu? Huo si ufundi?

Lakini hadithi ninazoletewa nizisome, mlenda ukitajwa tu, ujue mwandishi anataka tumwonee huruma mhusika. Akishafanikiwa, anakula pilau.

Mtaniambia njaa si ya kupambwa. Kweli kabisa. Wala sitaki mlenda ufikie bei ya kaiseki, hadi waliouvumbua washindwe kuununua. Ninachodai ni kidogo: mpishi wake aandikwe kama mjuzi, sio kama maskini.

Na mimi nimo kwenye lawama hii. Nina shahada ya uandishi wa habari, nimewahoji mawaziri. Bibi alifariki sijamuuliza hata mara moja majani yale aliyachuma wapi, na aliyaitaje. Kama bibi yako bado yupo, funga simu hiyo uende jikoni. Beba daftari.