Usifunge kava ya msumeno kwa waya

Kama kikundi chenu kina msumeno wa umeme wa mkono, ule wa bledi ya duara, uchomoeni kwenye umeme kwanza, ndipo uendelee kusoma. Ivute kava ya chini hadi juu kwa kishikio chake, kisha iachie. Ikirudi yenyewe kwa haraka na kufunika meno, vizuri. Ikirudi kwa uvivu, ikiishia katikati au ikibaki juu, msumeno huo usikate ubao wowote leo.

Najua mtasema mimi ni bwana shamba, si seremala. Lakini mizinga ya nyuki na mabanda ya kuku ninayowahimiza mjenge ndiyo yanayowashikisha misumeno hii, na katika ziara zangu naikuta kava imefungwa juu kwa waya mara nyingi mno. Mara ya mwisho nilipouliza, kijana aliyekuwa anakata mbao alinijibu, "Springi imekufa, mkuu, na mizinga inatakiwa Jumamosi." Nilinyamaza kidogo, maana hiyo Jumamosi niliipanga mimi.

Hatari kubwa huja baada ya kumaliza kukata. Ukiachia swichi, kwenye misumeno mingi bledi haisimami papo hapo. Huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo ndipo mtu anaushusha msumeno kando ya mguu wake ili awahi ubao unaoanguka. Kava ikiwa imefungwa juu, meno yakigusa sakafu msumeno unakimbia wenyewe, na mguu ndio ulio karibu.

Sasa matengenezo. Springi husingiziwa mara nyingi. Anayetumia mbao za msonobari anajua utomvu wake: ukichanganyika na unga wa mbao unakuwa gundi kwenye maungio ya kava. Msumeno ukiwa umechomolewa, toa bledi (kwenye baadhi ya misumeno boliti hufunguka kinyume na ulivyozoea, usilazimishe spana), kisha safisha kwa brashi na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Yasifike kwenye mota, na acha pakauke kabisa. Usipake grisi, itakusanya unga upya. Angalia pia kama kava imepinda; msumeno ulioanguka huwa hivyo, na kava inayosugua bledi hakuna springi itakayoitibu. Jaribu tena kabla ya kutoa hela.

Kama springi yenyewe imelegea, imekula kutu au ndoano yake imekatika, nunua ya modeli hiyo hiyo. Nenda dukani na ile ya zamani pamoja na namba iliyo kwenye kibati cha msumeno. Hapa natofautiana na mafundi ninaowaheshimu, wanaopunguza mizunguko ya springi na kukunja ndoano mpya kwa moto. Waya wa springi ukipashwa moto unapoteza ukakamavu wake, na ndoano hiyo hukatika pale pale ilipokunjwa. Springi iliyofupishwa nayo huifanya kava kuwa nzito kufunguka, na kesho mtu anarudi kwenye waya. Mpira wa tyubu ya baiskeli ndio usiutaje kabisa. Unachanika, na bledi ikiudaka hujui utaishia wapi.

Kabla ya kutoa springi piga picha kwa simu ujue ilivyokaa. Vaa miwani, maana ikifyatuka inaruka usoni. Ukimaliza, rudia lile jaribio mara kadhaa, msumeno ukiwa wima na ukiwa umelazwa nyuzi 45.

Wapo watakaosema wanafunga kava kwa sababu inakwama wanapoanza kukata kwa pembe. Kweli inakwama, na kile kishikio ndiyo kazi yake: inyanyue kava kwa kishikio, bledi ikishaingia kwenye ubao, iachie.

Mhazini naye atasema springi isubiri kikao. Sawa, lakini msumeno usubiri pamoja nayo, umefungiwa stoo, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja. Mbao chache zikatwe kwa msumeno wa kawaida. Ndivyo tulivyofanya na kikundi kile, na mizinga ilikamilika Jumatano iliyofuata.