Kabla ya Kubandika Aya, Mtazame Mvuvi

Injili ya Marko, katika sura yake ya kwanza, inawakuta Yakobo na Yohane wana wa Zebedayo wamo chomboni wakitengeneza nyavu. Mwandishi hatii pambo lolote. Hasemi jua lilikuwaje asubuhi ile, wala maji ya ziwa yalikuwa na rangi gani. Anaitaja kazi, anamtaja baba yao, na hawasahau hata vibarua waliobaki chomboni baada ya wale ndugu wawili kuondoka.

Picha kama hiyo haina tabu kupatikana pwani ya Kilwa Masoko. Wanaume wameketi mchangani, jarife limetandazwa miguuni, sindano inapita na kurudi. Lakini zile picha ambazo Wakristo hutumiana kwenye simu, katika makundi ya jumuiya na ya kwaya, mara nyingi si hizo. Ni jua linalozama Lindi, mnazi ulioinama, na juu yake aya ya Biblia kwa herufi za dhahabu. Kesho yake aya ileile inabandikwa juu ya mlima wa Uswisi, na hakuna anayeona tofauti. Picha inayopokea aya yoyote haijamfundisha mtu kitu. Imegeuzwa karatasi ya kufungia zawadi.

Tabia yenyewe ya kutafuta somo la imani katika picha za kila siku ni njema, na haifai kubezwa. Yesu mwenyewe alifundisha kwa mambo ambayo wasikilizaji wake waliyaona tangu utotoni: mpanzi shambani, mwanamke akichanganya chachu na unga, mchungaji aliyepotelewa na kondoo. Ila mifano ile ilikuwa na makali kwa sababu waliomsikiliza waliijua kazi inayosemwa. Mkulima alijua mbegu ikiangukia mwambani inakuwaje. Picha inadai ujuzi kama huo kwa anayeitazama, na hapo ndipo wengi hukatiza njia.

Mfano wa juya, ulio katika Mathayo sura ya 13, unafaa kuanzia. Juya linatupwa baharini, linakusanya samaki wa kila namna, kisha wavuvi wanaketi pwani kuchambua. Mhubiri aliyepewa picha ya watu wakivuta juya katika fukwe za Lindi ataona haraka siku ya hukumu. Mvuvi akiitazama picha ileile ataona jambo jingine kabla ya hilo. Juya la kukokota limepigwa marufuku Tanzania kwa kuwa linaburura chini, linavunja matumbawe na kung'oa nyasi bahari, na linazoa samaki ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Wale wadogo wanaotupwa pembeni wakati wa kuchambua walikuwa mavuno ya mwakani. Hapo fundisho linakuwa zito zaidi, maana linamgusa anayevuta kamba, linamgusa mnunuzi anayejua samaki alikovuliwa na akanyamaza, na linamgusa mwenye ofisi aliyepewa kazi ya kuzuia. Pwani hii imewahi kuumizwa vibaya na uvuvi wa baruti, ambao kwa mlipuko mmoja huua samaki na mwamba wanakozaliana. Mkristo aliyeyaelewa hayo hawezi tena kuhubiri juu ya juya kana kwamba dhambi ni ya samaki.

Picha za wanawake wanaowinda pweza wakati wa bamvua zina utajiri wa aina hiyohiyo. Maji yanapokupwa sana, miamba inajitokeza, na akina mama wanatembea juu yake wakiwa wamebeba chuma kilichochongoka, macho yakitafuta tundu. Mpigapicha anapenda vitenge vyao na anga lililo nyuma yao. Kazi yao yenyewe inasema zaidi. Pweza wa miamba yetu haishi sana, mwaka mmoja na miezi kadhaa tu, lakini hukua kwa kasi ya ajabu. Kwa hiyo baadhi ya vijiji vya pwani, vya Kilwa vikiwamo, vimejifunza kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache. Hakuna anayegusa. Siku ya kufungua, pweza wanaotoka ni wakubwa kuliko wale waliozoeleka.

Huko ni kufunga, kwa maana kamili ambayo dini inaifahamu. Watu wenye njaa ya leo wanakubaliana kuacha kilicho mbele yao, si mmoja mmoja bali kijiji kizima, na anayeiba usiku anawaibia wote. Wengi wao ni Waislamu waliozoea Ramadhani. Mkristo anayetafuta picha ya Kwaresima hana haja ya kuagiza picha ya jangwa la Yudea. Mwamba uliofungwa unamweleza jambo ambalo mahubiri ya Kwaresima huligusa kwa shida: kwamba kujinyima kwa mtu mmoja hakutoshi kama jirani yake haaminiki, na kwamba uaminifu huo hujengwa vikaoni, kwa mabishano na kwa ulinzi.

Ipo picha nyingine ya Kilwa ambayo Wakristo wanapaswa kuitazama kwa muda mrefu kuliko zote.

Anayevuka kwa mashua kutoka Masoko kwenda Kilwa Kisiwani hulikuta jengo la kale liitwalo Gereza karibu na mahali pa kushukia. Kila simu hutoka mfukoni. Jengo ni zuri, limechakaa kwa namna inayopendeza, na limo katika eneo ambalo UNESCO, mwaka 1981, iliyaingiza magofu yake pamoja na ya Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia. Sehemu kubwa ya kuta zinazoonekana ni kazi ya Waomani, mnamo mwaka 1800, lakini zilijengwa pale ilipokuwa ngome ya Wareno ya mwaka 1505. Ni rahisi mno kuipiga picha hiyo na kuandika chini yake zaburi mojawapo inayomwita Mungu ngome.

Basi na ikumbukwe ngome hiyo ilivyoanza. Julai 1505 kamanda Mreno Francisco de Almeida alitia nanga Kilwa akiwa na kundi la merikebu za kivita. Hans Mayr, Mjerumani aliyesafiri katika merikebu mojawapo, aliacha maelezo ya siku ile. Askari waliuingia mji, na mtawala wake, Amiri Ibrahimu, akakimbia. Ndipo mapadri Wafransisko wakashuka na misalaba miwili, wakaandamana wakiimba wimbo wa kumshukuru Mungu hadi kwenye jumba la mtawala. Msalaba ukawekwa hapo, na kamanda akasali. Baada ya sala hiyo wakaanza kupora mji. Wareno waliondoka mwaka 1512, na hawakuacha kanisa lililo hai nyuma yao.

Sala na uporaji, siku moja, watu walewale. Hakuna somo la imani lililo karibu zaidi na Mkristo wa Kilwa kuliko hilo, na halihitaji kufichwa kwa ajili ya kumlinda yeyote. Msalaba unadai ukweli kwanza kwa walioubeba. Mwalimu wa katekisimu anayewapeleka vijana Kisiwani angefanya vema kuwaonyesha picha ya Gereza na kuwauliza: sala ile ilikuwa sala ya nani? Watoto wa miaka kumi na miwili wanalijibu swali hilo vizuri, pengine kuliko wakubwa.

Kilwa Kivinje nako kuna somo la namna hiyo. Picha za mnara wa kumbukumbu ya vita ya Majimaji zinahusu watu walionyongwa na Wajerumani. Kwa Mkatoliki zinahusu pia Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini aliyeondoka Kilwa kwa miguu kwenda Peramiho na kuuawa Agosti 14, 1905, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Kanisa linawakumbuka hao watano kwa majina, na ni haki. Lakini mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba vita ile, pamoja na njaa iliyoletwa na askari waliochoma mashamba na maghala, ilichukua watu kati ya 250,000 na 300,000. Anayesali mbele ya picha ya mnara ule ana wajibu wa kuwaombea na hao, ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Wako Wakristo wanaosita juu ya jambo zima la picha, wakihofia sanamu. Hofu hiyo si ngeni. Katika karne ya 8 Yohane wa Damasko, Mkristo aliyeishi chini ya utawala wa Waislamu, alitetea picha takatifu kwa hoja kwamba Mungu aliyetwaa mwili amekubali kuonekana, na mwaka 787 Mtaguso wa pili wa Nikea ukashika njia hiyo. Mwili ndio msingi wa hoja. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, aliufuata katika miaka ya 1950 alipochora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, miongoni mwa watu na vilima vya Wakikuyu. Kama Kristo anaweza kuzaliwa chini ya vilima vile, anaweza kukutwa na wachuuzi wa samaki Somanga.

Lakini mwili huo ni wa mtu, na mtu ana haki zake. Mwaka 1904, huko Baringa nchini Kongo, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, baba aliyeketi akitazama mkono na mguu uliokatwa wa binti yake mwenye umri wa miaka mitano, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilionyeshwa katika kumbi za Uingereza na Marekani, ikasaidia kuamsha hasira dhidi ya utawala wa Mfalme Leopold wa Pili, ambaye mwaka 1908 alilazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji koloni lake binafsi. Jina la Nsala na la mtoto wake yanajulikana hadi leo kwa sababu Alice aliuliza na kuandika.

Picha nyingi zinazotumiwa kanisani siku hizi hazina jina. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, simu zilijaa picha za pengo barabarani na magari yaliyokwama. Picha za namna hiyo hubandikwa aya za faraja ndani ya saa chache. Mfano wa Msamaria Mwema, ambao nao ulitokea barabarani, ungeuliza mambo mengine: nani yuko ndani ya basi, amekula nini, nani anaweza kumfikia.

Kwa hiyo parokia na sharika za Lindi zinazopanga kutumia picha katika mafundisho zina kazi ndogo ya kufanya kabla ya kubonyeza. Mvuvi au mama wa pweza aulizwe kama anakubali kupigwa picha, na aelezwe itaonyeshwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaelekea huko, lakini Mkristo asingoje sheria kumheshimu jirani yake, hasa jirani Mwislamu ambaye huenda hataki uso wake uwe kielelezo cha ibada isiyo yake. Aulizwe pia anafanya nini, na kwa nini anafanya hivyo. Akikubali, nakala ichapishwe studio apelekewe nyumbani. Jibu lake ndilo liwe mwanzo wa mahubiri ya Jumapili, na aya itafutwe baadaye.