Sukari ya Kuigiza na Mishipa Iliyokatika

Ukipanda matatu nambari 46 katikati ya jiji na kushukia Hurlingham, hutatembea sana kabla ya kuifikia hospitali ya kitaifa ya majeruhi wa uti wa mgongo. Wengi waliolazwa humo walikuwa wazima hadi siku ya ajali. Jamaa zao huuliza swali moja: mshipa wa fahamu ukikatika, hauungi tena?

Inategemea ulikokatikia. Wa mkono au mguu huweza kuota tena ukishonwa, ila mwendo wake ni wa kobe, kama milimita 1 kwa siku. Piga hesabu: toka begani hadi vidoleni ni sentimita 60 au zaidi, yaani karibu miaka 2. Wakati huo wote msuli unanyauka ukiungoja mshipa, na mara nyingi mshipa hufika ukakuta msuli umekwisha. Ule wa uti wa mgongo ndio mkaidi hasa, hauoti wenyewe hata kidogo.

Hapa ndipo sukari inapoingia. Si ile ya kutia chaini! Seli zetu zimevikwa minyororo ya sukari, na mmoja wao, asidi ya polisialiki, husaidia mishipa ichipuke. Ubaya ni kwamba kuutengeneza ni kazi ngumu, na mwili huuvunjavunja. Kwa hiyo wanasayansi wanatafuta molekuli ndogo zenye umbo kama lake, seli idanganyike. Mwaka 2014 watafiti walieleza kwamba tegaserod, dawa iliyobuniwa kwa ajili ya watu waliofunga choo, huiga sukari hiyo, na iliwasaidia panya waliojeruhiwa mishipa. Nani angedhani?

Lakini panya si mjomba wako. Hakuna dawa ya aina hii iliyoidhinishwa kuunga mishipa ya binadamu, kwa hivyo anayekuuzia chupa yake mjini, mpite. Pesa hizo zilipie mazoezi ya viungo. Na mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku pia, maana vidonda vya kitandani vinaua.

Tena ukikuta majeruhi barabarani, usikubali abebwe mikono na miguu kama gunia. Ikiwa hakuna hatari ya moto wala magari, mwacheni alivyo, kichwa na shingo vishikwe visitikisike, hadi wenye ujuzi wafike na ubao.