Vitamini A: tone dogo lisisahauliwe katika vita ya surua

Mtoto anacheza vizuri mchana. Jioni anagonga viti, anapapasa ukuta, anaogopa kutoka inje. Kuna familia zitakazotafuta mchawi. Waganga wanaita hali hiyo upofu wa usiku, na ni moja ya dalili za kwanza kwamba mwili umekosa vitamini A.

Vitamini hiyo haifanyi kazi jinsi inavyoliwa. Mwili unaihifadhi kwenye maini, kisha unaigeuza. Ndani ya jicho inakuwa retinali, inayosaidia kuona penye mwanga kidogo. Sehemu ingine inakuwa asidi ya retinoiki, inayoongoza chembechembe zinazojenga ngozi laini ya mapafu, ya matumbo na ya macho. Ngozi hiyo ikidhoofika, magonjwa yanapata mlango.

Surua ndiyo inayofaidika zaidi. Inamaliza akiba ya vitamini A haraka, na mtoto aliyekuwa na akiba ndogo anaweza kupofuka ao kufa. Kongo inajua bei yake: janga la 2019 na mwanzo wa 2020 liliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto.

Dawa iko, na si ya gharama kubwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 11 apewe kipimo cha 100,000, na wa miezi 12 hadi 59 apewe 200,000 kila miezi 4 hadi 6. Mwenye surua anapewa vipimo viwili, siku mbili zinazofuatana, hata kama alikwisha kupata vitamini hiyo kwenye kampeni.

Shida ni kuifikisha. Vita ikifunga barabara, kituo cha afya kinabaki bila akiba, na familia zilizokimbia zinakosa tarehe ya kampeni. Ndiyo maana kila anayeshika silaha na kila anayeshika madaraka anapaswa kuacha chanjo na vitamini zipite. Mtoto wa miaka miwili hana upande katika vita hii.

Nyumbani pia kuna kazi. Mawese mekundu, sombe, papai na viazi vitamu vya rangi ya machungwa vinaupa mwili vitamini A. Lakini mawese yakichomwa mpaka yageuke meupe, hazina hiyo inapotea. Desturi hiyo ingefaa kuachwa.

Tahadhari moja: vipimo vikubwa si vya kununua sokoni. Vikipita kiasi vinaumiza maini, na kwa mama mwenye mimba vinaweza kuharibu mtoto tumboni. Vitolewe na muganga ao na watu wa kampeni.

Mzazi anayeona mtoto wake anapapasa jioni asingoje. Ampeleke kituo cha afya kesho asubuhi. Na atakapofika, vitamini iwe pale.