Umeme usiopotea: Kwa nini joto ndilo linaloulizwa

Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha dai zito. Kundi la Ranga Dias wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lilisema metali ya lutetiamu iliyonyonya haidrojeni na naitrojeni kidogo inapitisha umeme bila kupoteza chochote, tena kwenye nyuzi joto 21 za Selsiasi. Novemba mwaka huohuo makala ikafutwa. Walioomba ifutwe ni waandishi 8 kati ya 11.

Kisa kimepoa, ila swali liko palepale: dai kama hilo linapimwaje?

Wengi huangalia ukinzani wa umeme. Ukishuka hadi sifuri, watu wanashangilia. Lakini njia moja nyembamba ndani ya kipande inatosha kuleta sifuri hiyo, hata kama sehemu iliyobaki ni metali ya kawaida tu.

Joto halina ujanja huo. Metali ikiingia kweli kwenye hali hiyo, kiasi cha joto kinachotakiwa kuipandisha nyuzi moja huruka ghafla, na kila punje ya kipande inahesabiwa. Kama ni asilimia mbili tu zilizobadilika, mruko unakuwa mdogo mno, na hapo dai linaanza kuyumba.

Haidrojeni kubadilisha metali si hadithi. Mwaka 1972 huko Poland, Tadeusz Skośkiewicz alionyesha kwamba paladi, ambayo ikiwa peke yake haina sifa hiyo, inaipata ikishiba haidrojeni, kwenye baridi ya kama nyuzi -264. Ajabu ni kwamba deuteri, ndugu mzito wa haidrojeni, hufanya kazi vizuri zaidi, kinyume na ilivyotarajiwa.

Shida ya leo ni udogo. Salfa yenye haidrojeni iliyoripotiwa 2015 kufanya hivyo kwenye nyuzi -70 ilibanwa kati ya almasi mbili kwa zaidi ya mara milioni moja ya kanieneo ya hewa. Sampuli haizidi upana wa unywele, na almasi inavuta joto kwa kasi sana. Kupima hapo ni kazi kwelikweli.

Kundi la Dias nalo lilileta vipimo vya joto. Kilicholiangusha ni data zenyewe kutiliwa shaka, huku wanasayansi wa Nanjing, China, wakitengeneza metali yao ya aina hiyo na kuikuta ya kawaida.